Nilikuwepo bungeni ada yetu ya soko ikipitishwa. Mbona sikuona wakijadili?

"Shikamoo mzee. Mimi nauza samaki wa kukaanga sokoni, kaunti moja ya pwani. Tulisikia ushuru wa siku unapandishwa kutoka shilingi 30 hadi 50, basi wenzangu wakanituma Jumatano niende bunge la kaunti nikasikilize, wao wakaniangalizia meza. Nilikaa roshani tangu saa tatu asubuhi. Spika aliingia nyuma ya mtu aliyebeba rungu, tukasimama, ikasomwa dua. Baada ya hapo nikapotea. Mtu wa joho alisimama akasoma jina la mswada, akaketi, basi. Baadaye Spika akaondoka kwenye kiti, rungu likashushwa chini ya meza, akaja mwingine akaanza kuita vifungu: cha tatu, cha nne, cha tano, na wachache wakijibu 'Ndiyo'. Dakika 25, mswada umepita. Hakuna aliyetaja soko. Bunge letu lina wawakilishi 54, mimi nilihesabu vichwa 19, pamoja na watatu wa joho waliokaa mezani mbele. Nilipopiga makofi ya kulalamika, askari akaniambia nitatolewa nje. Je, hii ni halali? Walikuwa wameshakubaliana kabla? Na hiyo 50 tunaanza kulipa lini? Naambatisha picha ya karatasi tuliyopewa mlangoni."

Marahaba, mwanangu. Nianze na lile la mwisho, maana ndilo linalogusa mkoba wako kesho asubuhi. Ushuru wenu bado ni shilingi 30. Mswada ukipita bungeni haujawa sheria. Mkusanyaji akija na kitabu chake cha risiti akadai 50, mwombe kwa adabu akuonyeshe gazeti rasmi lililochapisha sheria hiyo. Ibara ya 210 ya Katiba ya Kenya inasema hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa, kusamehewa au kubadilishwa ila kwa mujibu wa sheria. Mswada wenu Jumatano ile ulikuwa umebakiza safari, na nitaieleza kwa sababu ndani yake mna nafasi ambayo wafanyabiashara wengi wa soko huiacha ipite bila kujua kwamba ilikuwepo.

Nilikaa kwenye meza ile ya mbele, nikiwa mmoja wa hao watu wa joho, yaani makarani wa bunge, tangu mabunge ya kaunti yalipoanza mwaka 2013 mpaka nilipostaafu. Kwa hiyo hayo uliyoyaona juu ya roshani mimi nimeyaona kutoka upande wa chini, mara nyingi sana. Na nimewaona watu kama wewe juu pale, wameacha biashara zao, wanainama mbele kwenye viti wakijaribu kusikia, kisha wanaondoka na hasira na wasijue waipeleke wapi. Ndiyo maana nimekaa kukujibu kwa urefu.

Picha ya karatasi yako inasomeka vizuri. Ile ni Orodha ya Shughuli, na bila kuisoma mtu hawezi kufuata kikao hata akiwa na elimu ya chuo kikuu. Itazame tena. Juu kuna mambo ya kila siku: dua, ujumbe wa Spika, hati zinazowekwa mezani, maombi ya wananchi, taarifa za hoja. Shughuli ya 7 ni kusomwa mara ya kwanza kwa mswada wa elimu ya chekechea. Shughuli ya 8 ni Kamati ya Bunge Zima kwa Mswada wa Fedha. Umeona? Uliyosikia ni miswada miwili. Ule uliosomwa jina na kuachwa ni wa watoto wa chekechea. Wa kwenu ni ule ulioitwa vifungu. Uliuunganisha ukawa mmoja, na ndiyo maana ulionekana kwako kama mswada uliozaliwa na kuzikwa asubuhi moja.

Hilo neno "kusomwa" limewachanganya wengi. Lilitoka Uingereza ya zamani, wakati nakala zilikuwa adimu na ilibidi karani asimame asome mswada kwa sauti ili wote wausikie. Siku hizi mswada huchapishwa kabla ya kuletwa, na jina la desturi limebaki. Kusomwa mara ya kwanza ni karani kutaja jina tu, na kanuni haziruhusu mjadala hapo. Kutoka hapo mswada unapelekwa kwenye kamati inayohusika. Kamati ikishaleta ripoti, ndipo unasomwa mara ya pili, na hapo ndipo wawakilishi wanasimama mmoja mmoja kusema kama wanautaka au hawautaki. Kama kuna aliyetaja soko lenu, alilitaja siku hiyo. Na siku hiyo ilikuwa imeshapita, kwa sababu mswada hauingii Kamati ya Bunge Zima kabla ya kusomwa mara ya pili. Nenda uombe Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi ya maneno yaliyosemwa, ya kikao hicho. Utajua MCA, yaani mwakilishi wa wadi yako katika bunge la kaunti, alisema nini, au kwamba hakusema kitu.

Sasa tuje kwenye hizo dakika 25. Spika akiondoka kitini na siwa, lile rungu uliloliona, ikashushwa kutoka juu ya meza hadi kwenye vishikio vyake vya chini, maana yake ni kwamba wale wale waliokuwa bunge sasa wamegeuka kamati moja kubwa, na anayeongoza ni mwenyekiti. Kazi ya kamati hiyo ni kupitia maneno ya mswada kifungu kwa kifungu. Ulishangaa wakaanza na cha tatu? Kifungu cha kwanza hubeba jina la sheria na mara nyingi tarehe ya kuanza kutumika, cha pili hubeba maana za maneno. Vyote viwili huachwa mpaka mwisho kwa sababu mabadiliko ya katikati yanaweza kuvigusa.

Na kwa nini haraka vile? Kwa sababu mwakilishi anayetaka kubadilisha kitu hapo hawezi kuinuka tu na kusema. Anatakiwa awe ameandika badiliko lake na kulifikisha kwa karani kabla. Kama karani hana karatasi ya badiliko kwa kifungu cha nne, mwenyekiti anauliza kama kifungu cha nne kiwe sehemu ya mswada, wanajibu "Ndiyo", anakwenda cha tano. Ukimya ule ulimaanisha kwamba hakuna aliyeandika chochote.

Nikuonyeshe pia mahali hasa ilipokuwa ile 50 yako, maana naamini ilikupita sikioni. Vifungu vya Mswada wa Fedha wa kaunti ni kurasa chache. Uzito wote uko nyuma, kwenye Majedwali: ada za maegesho, vibali vya biashara, kuchinja mbuzi, kuweka bango, kuzika, kuegesha bodaboda, na humo katikati mstari mmoja, "meza ya samaki, kwa siku". Kurasa kwa kurasa za mistari kama hiyo. Mwenyekiti anasema, "Jedwali la Pili liwe sehemu ya mswada," na "Ndiyo" moja inabeba yote, maegesho na maiti na samaki. Hawakulitaja soko kwa sababu utaratibu ule hauwalazimishi kulitaja. Mimi mwenyewe nimekaa pale nikilisikia Jedwali zima likipita kwa pumzi moja, na nilijua kuna mtu mahali fulani atalilipia kila siku ya Mungu mwaka mzima.

Unauliza kama walikuwa wameshakubaliana. Kwa kiasi kikubwa, ndiyo, lakini si lazima iwe njama. Makubaliano yanatakiwa yafanyike kwenye kamati, na kamati ndiyo iliyotakiwa kukuita wewe.

Kuna mchana mmoja siusahau. Chumba cha kamati, meza moja ndefu, wawakilishi saba, chupa ya chai katikati. Ada za soko ndizo zilizokuwa mezani na mambo yalikuwa yanakwenda kasi. Akaingia mama mmoja muuza mboga, amechelewa, amekuja kwa miguu. Hakuwa na hotuba. Alikuwa na waya ule wa kuchomekea risiti, amezichomeka zote za mwezi mmoja. Akaanza kuzichomoa na kuzipanga mezani mbili mbili: tarehe moja, risiti mbili, ya asubuhi na ya jioni. Tarehe nyingine, mbili tena. Alipofika ya kumi na moja mwenyekiti alikuwa ameacha chai yake. Sheria ilisema ada ya siku, wakusanyaji walikuwa wanatoza kwa zamu. Kamati ikaandika kwenye ripoti yake maneno machache: ada italipwa mara moja kwa siku. Ikaletwa kama badiliko. Siku ilipofika ukumbini ilipita chini ya dakika moja, "Ndiyo", tukaenda mbele. Aliyekuwa roshani siku hiyo angeweza kudhani hakuna lililofanyika. Mwendo ulikuwa ule ule uliouona wewe Jumatano.

Kwa hiyo mwendo wa ukumbini haukwambii chochote. Swali la kuuliza ni hili: je, kamati iliyoshughulikia Mswada wa Fedha iliwapa watu wa soko lenu nafasi ya kweli ya kusema? Hapa Katiba iko upande wenu waziwazi. Ibara ya 196 inalitaka bunge la kaunti lifanye shughuli zake kwa uwazi, vikao vyake na vya kamati zake viwe wazi kwa umma, na liwezeshe wananchi kushiriki katika kutunga sheria. Sisitiza neno kamati. Watu wengi wanajua wanaweza kuketi roshani, wachache sana wanajua kwamba chumba cha kamati nacho ni chao. Spika anaweza kuwafungia wananchi mlango pale tu ambapo kuna hali ya kipekee na sababu za haki, si kwa sababu ya kuona haya.

Sitakuficha kwamba ushirikishaji wa umma mara nyingi hufanywa kwa kutimiza wajibu tu. Nimeona tangazo la siku tatu likibandikwa kwenye ubao wa ofisi ambayo hakuna mchuuzi anayeingia. Nimeona mkutano ukiitwa saa nne asubuhi, saa ambayo muuza samaki hawezi kuacha meza. Mswada wenyewe ni wa Kiingereza, Jedwali lake la kurasa nyingi, nakala mbili mlangoni kwa watu mia. Halafu kwenye ripoti inaandikwa "wananchi walishauriwa", na orodha ya majina inaambatishwa. Hilo ni kosa, na mahakama zetu zimelitaja kuwa kosa.

Kesi ambayo kila karani wa bunge anaijua ni ya Robert Gakuru na wenzake dhidi ya gavana wa Kiambu. Kaunti hiyo ilipitisha Sheria ya Fedha ya mwaka 2013 na watu wakaenda Mahakama Kuu kulalamika kwamba hawakushirikishwa ipasavyo. Aprili 2014 Jaji George Odunga aliibatilisha sheria yote. Alisema bunge la kaunti lina wajibu wa kufanya kila liwezalo ili watu wajue kinachopangwa, na akataja mahali hasa pa kuwapatia: makanisani, misikitini, mahekaluni, kwenye baraza, kwenye redio za kitaifa na za lugha za mama. Nilipoisoma hukumu ile nilifurahi, kwa sababu ilielekeza bunge liende watu waliko. Miaka mitano baadaye, mwaka 2019, Mahakama ya Juu kwenye kesi ya kampuni ya sigara ya British American Tobacco nayo ikasema ushirikishaji lazima uwe wa kweli, usiwe wa kutimiza desturi tu.

Lakini usiondoke hapa ukidhani kila sheria ya fedha inaangushwa kirahisi. Mahakama haiulizi kama kila mtu alisikizwa, wala kama maoni yenu yalikubaliwa. Inauliza kama mlipewa nafasi ya maana. Kamati ikionyesha kwamba ilitangaza redioni, ikafanya mkutano katika kila kaunti ndogo, ikapokea maandishi na kuyajibu kwenye ripoti, mtashindwa hata kama hakuna hata mmoja wa soko lenu aliyehudhuria. Ndiyo maana kabla ya jambo lolote, ripoti ya kamati ndiyo karatasi ya kwanza ya kuitafuta.

Sasa hesabu yako ya vichwa. Toa hao watatu wa joho, ni makarani, hawapigi kura. Unabaki na 16. Akidi ya bunge la kaunti, yaani idadi ya chini inayotakiwa ili kikao kiendelee, ni theluthi moja ya wawakilishi wote, na theluthi ya 54 ni 18. Kwa hesabu yako walipungukiwa wawili. Kanuni inasema mwakilishi akiinuka akasema akidi haipo, anayeongoza anahesabu, na ikiwa kweli haipo kengele inapigwa, kwa kawaida dakika kumi. Utawaona wakiingia mbio kutoka kantini na kwenye korido, simu sikioni. Wasipotimia, kikao kinaahirishwa. Shida ni kwamba asipoinuka mtu, kazi inaendelea. Na mara nyingi hainuki mtu, kwa sababu viranja wa pande zote, wale wanaosimamia wawakilishi wa vyama vyao, wanataka shughuli ya siku iishe. Nililiona hilo miaka yote na halikuacha kuniuma.

Hata hivyo nakushauri usiiegemeze kesi yenu kwenye vichwa 16. Kutoka roshani huoni viti vilivyo chini yako. Watu wanaingia na kutoka. Na Hansadi huandika yaliyosemwa, haiandiki viti vitupu ambavyo hakuna aliyevitaja. Kama bunge lenu hurekodi vikao kwa video, iombe video na daftari la mahudhurio, ukiipata iweke pamoja na mengine. Peke yake ni nguzo nyembamba. Faida yake kubwa iko kwingine: MCA wako hakuwepo? Ibara ya 194 inasema mwakilishi akikosa vikao vinane bila ruhusa ya maandishi ya Spika, na asiwe na maelezo ya kuridhisha, anapoteza kiti. Muulizeni hadharani, kwenye baraza la wadi, siku ya Mswada wa Fedha alikuwa wapi. Nimewaona wakibadilika kwa swali hilo moja kuliko kwa maandamano.

Habari ya makofi ni ndogo. Aliye roshani ni mgeni wa bunge, haruhusiwi kuonyesha kuunga mkono wala kupinga, hata wawakilishi wenyewe hugonga miguu sakafuni badala ya kupiga makofi. Askari alifuata kanuni. Lakini kanuni hiyo hiyo haimzuii mtu kuandika, kwa hiyo safari ijayo nenda na daftari.

Nirudi kwenye safari iliyobaki, kwa sababu siku zinakwenda. Baada ya mswada kusomwa mara ya tatu, jambo lililofanyika Jumatano hiyo hiyo siwa iliporudishwa juu ya meza, Spika ana siku 14 kuupeleka kwa gavana. Gavana naye ana siku 14: ama autie saini, ama aurudishe bungeni na waraka unaoeleza anachokipinga. Akinyamaza siku hizo zikapita, unahesabiwa kuwa amekubali. Ukitiwa saini unatakiwa uchapishwe kwenye gazeti rasmi la kaunti na lile la Kenya ndani ya siku saba, na unaanza kutumika siku ya 14 baada ya kuchapishwa, isipokuwa kama sheria yenyewe imetaja tarehe nyingine. Kwa hiyo kifungu kile cha kwanza walichokipitisha mwisho, kisome. Huenda tarehe ya kuanza kulipa 50 imekaa humo.

Maana yake ni kwamba leo hii mswada wenu uko mezani kwa Spika au kwa gavana. Hii ndiyo nafasi niliyoitaja mwanzo. Andikeni barua kwa gavana, ukurasa mmoja, Kiswahili kinatosha. Msianze na siasa. Semeni meza ngapi ziko soko lenu, mnalipa nini sasa, mnapata huduma gani kwa hizo 30 (taka zinazolewa mara ngapi, maji yapo au hayapo, choo kinafungwa saa ngapi), na mnataka mstari upi wa Jedwali upi urudishwe bungeni. Ada ya soko ni malipo ya huduma, ibara ya 209 inaipa kaunti mamlaka ya kutoza kwa huduma inazotoa, kwa hiyo kuuliza huduma iko wapi ni kuuliza kitu cha msingi kabisa. Nakala ipelekeni kwa Spika, kwa mwenyekiti wa kamati na kwa MCA wenu. Ombeni nakala yenu ipigwe mhuri wa kupokelewa.

Gavana anaweza kukataa kuurudisha, na mara nyingi hukataa, kwa sababu Mswada wa Fedha umetoka kwa serikali yake na bajeti imeshahesabu mapato hayo. Mkisikia umetiwa saini, bado mna haki ya kupeleka ombi bungeni. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inampa mtu yeyote haki ya kuliomba bunge litunge, libadilishe au lifute sheria. Ombi lina umbo lake: nyinyi ni nani, tatizo ni nini, mlishalipeleka wapi na mkajibiwaje, kama lina kesi mahakamani au la, na mwisho mnachoomba. Majina, nambari za vitambulisho, sahihi au alama za vidole. Ofisi ya karani inatakiwa ikusaidie kuliweka sawa, na wengi wa waliokaa meza ile wanafanya hivyo kwa moyo. Njia hii ni ya polepole, lakini inarudisha jambo lenu kwenye chumba cha kamati, pale penye meza ndefu, na mara hii mtakuwa ndani.

Mahakama ni njia ya tatu. Ibara ya 258 inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani akidai Katiba imevunjwa. Mkiwa na ripoti ya kamati inayoonyesha kwamba soko lenu halikufikiwa kabisa, mna hoja. Lakini inakula muda na fedha, na mkishindwa mnaweza kuagizwa kulipa gharama za upande wa pili. Hapo msitegemee maneno yangu wala ya mtu yeyote aliyeandika kutoka mbali. Nendeni watu watatu au wanne, na karatasi zenu zote, mkaonane na wakili uso kwa uso. Kama hamna fedha, Kituo cha Sheria wamesaidia watu wasio na uwezo tangu miaka ya 1970. Na kuna hali mbili ambazo msingoje hata siku moja: mkusanyaji akianza kutoza 50 kabla sheria haijachapishwa, au kanjo, yaani askari wa kaunti, wakichukua bidhaa ya mtu aliyekataa kulipa kiwango kipya. Piga picha ya risiti, andika tarehe na saa, jina la mkusanyaji likiwepo, na mfike kwa wakili au ofisi ya msaada wa kisheria siku ile ile.

Kwa sasa, kesho ukimaliza kukaanga, mwombe mwenzako akuangalizie meza saa moja tu. Nenda ofisi ya karani wa bunge na barua fupi ukiomba vitu vinne: mswada wenyewe pamoja na Majedwali yake, ripoti ya kamati, Hansadi ya siku uliposomwa mara ya pili, na daftari la mahudhurio la Jumatano. Taja kwenye barua Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, inayowapa siku 21 kukujibu. Wakikunyima au wakinyamaza, malalamiko yanapelekwa kwa Ombudsman, yaani tume ya kupokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, na hayana ada. Ukiipata ripoti ya kamati, tafuta ukurasa wa maoni ya umma uangalie kama jina la soko lenu limo. Kisha niandikie tena, uniambatishie picha ya ukurasa huo.